Wachezaji wa sataranji mtandaoni: nguvu, udhaifu na dawa yake. Tupeane uzoefu

Mlinzi wa h7
Wakuu, kuna gemu nimeitazama leo imenikaa rohoni. Nyeupe ina mfalme na malkia, nyeusi imebaki na mfalme mtupu. Saa ya nyeupe inasoma sekunde 11. Malkia yuko f5 (safu ya f, mstari wa 5), mfalme mweusi g7. Nyeupe inamkimbiza kwa ule mtindo wa siku zote: malkia anakaa umbali wa mruko wa farasi, mfalme akisogea naye anasogea vilevile. Mfalme kaingia h8, malkia katua g6. Sare! Mfalme hajatishwa, na hana mraba hata mmoja wa kwenda.

Mtindo wenyewe hauna kosa, ila una mwisho wake. Mfalme akigusa kona, acha kumfuata. Pale malkia angetoka f5 akaenda d7, akaushika mstari wa 7 wote, mweusi abaki akitambaa h8, g8 na f8 huku mfalme mweupe anasogezwa taratibu mpaka f6 au g6. Halafu, mweusi akiwa h8 au g8, malkia g7, mati: katishwa na hana pa kukimbilia, gemu imekwisha.

Tumwage hapa: mchezaji wa mtandaoni anaumia wapi, ana nguvu wapi, na anajitibu vipi? Tafadhali tusije na "fanya mazoezi sana". Leteni vitu vinavyoshikika.

Mama Askofu
Kona hiyo imekula wengi.

Askari Huru
Si angeweka malkia f7 tu akamfungia ndani, amalize?

Mlinzi wa h7
Mkuu, f7 nayo ni sare. Hesabu: g8 imeshikwa, g7 imeshikwa, h7 imeshikwa, na h8 mwenyewe hajatishwa. Umemfungia ndani ukatupa na funguo.

Askari Huru
Daah. Sawa, nimeona.

Ngome Wazi
Nianze na nguvu, maana watu huzidharau. Anayecheza gemu 5 kwa siku anamaliza mwaka na gemu zaidi ya 1,800. Jicho lake limezoea maumbo: akiona askofu anatazama f7 na farasi anaelekea g5, kengele inalia bila kufikiri. Pia hakati tamaa. Akipungukiwa ngome anaendelea kutega mitego mpaka mwenzake ajikwae. Kwenye ubao wa mbao wengi wangeshasalimu amri.

Udhaifu ni kwamba mkono unatangulia jicho, na chanzo chake ni saa. Chukueni gemu ya hatua 40. Ukicheza dakika 10 bila nyongeza (sekunde unazoongezewa kila hatua) una sekunde 600, yaani sekunde 15 kwa hatua. Dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 inakupa sekunde 260, sita na nusu kwa hatua. Dakika 15 na nyongeza ya 10 inakupa sekunde 1,300, zaidi kidogo ya 32 kwa hatua. Mtu anayecheza ile ya sita na nusu mwaka mzima hajifunzi kuhesabu. Anajifunza kubahatisha haraka.

Halafu hata hizo chache anazigawa vibaya. Utamkuta hatua ya 12 amekaa dakika 4 akichagua kati ya hatua mbili ambazo zote ni nzuri, kisha hatua 15 za mwisho, ambako kosa moja ni kifo, anazipiga ndani ya sekunde 40. Kwenye gemu ya dakika 10, hatua 10 za mwanzo unazozijua zisile zaidi ya dakika 1. Ukifika hatua ya 20 uwe bado na dakika 5. Fungu kubwa litumie pale kete zinapoanza kugusana, yaani askari wa katikati wanapoweza kuliwa na bado hawajaliwa. Pale ndipo gemu inapoamuliwa.

Na kabla ya kugusa kete jiulize mambo mawili. Mpinzani ana cheki gani (hatua ya kumtisha mfalme), ulaji gani, tishio gani? Kete yake iliyohama imeacha kulinda nini? Hilo la pili ndilo linalosahaulika, kwa sababu macho yote hufuata kete inakokwenda, hakuna anayetazama ilikotoka.

Chesi Damu
Kwanza si sataranji. Watu wote wanasema chesi.

Ngome Wazi
Watu wote wepi?

Mama Askofu
Jamani, ite hata karata. Malkia akiliwa kaliwa.

Mpenda Mitego
Mnazunguka mbuyu. Dawa ya haraka ni ufunguzi. Kariri mitego sita, panda pointi. Askari e4, nyeusi e5, malkia h5, nyeusi farasi c6, askofu c4. Mwenzako akileta tu farasi f6, malkia anakula f7, mati kwa hatua 4.

Fundi wa Mwisho
Hiyo inamuua asiyeijua, mara moja. Anayeijua anasukuma g6 badala ya farasi f6. Malkia akirudi f3 kutishia f7 tena, ndipo farasi f6 anaziba. Nyeusi imetoa kete zake na bado malkia wako yuko nje akifukuzwa. Umeuza mwanzo mzuri kwa tumaini.

Mpenda Mitego
Basi ile ya farasi g5. e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, farasi g5. Nyeusi inasukuma d5, unakula, naye akila kwa farasi unazamisha farasi wako f7. Mfalme lazima ale, kisha malkia f3 cheki, na mfalme anaburutwa katikati.

Fundi wa Mwisho
Hiyo nakubali ni kali. Ila jibu lake linafahamika: nyeusi isile d5 kwa farasi, ipeleke farasi wa c6 kwenda a5 kumgusa askofu. Inatoa askari mmoja, inapata kasi. Ndiyo maana nasema jifunze ufunguzi mmoja kwa nyeupe na miwili kwa nyeusi, mmoja dhidi ya e4 na mwingine dhidi ya d4, kwa kina cha hatua 8 hivi, UKIJUA KWA NINI kila kete inakaa pale. Mitego sita bila sababu ni sala ya kukariri.

Mpenda Mitego
Una pointi ngapi wewe?

Fundi wa Mwisho
Pointi za wapi? Lichess, tovuti ya kuchezea, humwanzisha kila mgeni kwenye pointi 1500 na hutumia Glicko-2, mfumo wa kukokotoa pointi. Kwingine namba ya kuanzia ni nyingine na wachezaji ni wengine. 1600 ya huku si 1600 ya kule, kwa hiyo tusitishane kwa namba.

Turudi kwenye dawa. Mwisho wa mchezo ndio shimo kubwa la watu wa mtandaoni, kwa sababu gemu nyingi za haraka huishia kwa saa kabla ya kufika huko. Mfano mdogo kabisa. Mfalme mweupe e4, askari wake e3, mfalme mweusi e6, hakuna kingine ubaoni. Zamu ikiwa ya nyeusi, nyeupe inashinda. Zamu ikiwa ya nyeupe, ni sare. Sasa mrudishe askari huyo huyo e2: hata zamu ikiwa ya nyeupe inashinda, maana inasukuma e3 na kumrudishia mpinzani mzigo wa kusogea. Mraba mmoja tu! Ndiyo sababu anayekimbiza askari mbele kabla ya mfalme hupoteza gemu aliyokwisha kuishinda: amemaliza akiba ya kusubiri.

Ukishaelewa hilo, jifunze mikao miwili ya ngome dhidi ya ngome na askari mmoja: wa Lucena wa kushinda, wa Philidor wa kujiokoa. Jioni mbili zinatosha.

Bibi Sare
Mnasema udhaifu wa mtandaoni kana kwamba wakubwa hawaugui. Bonn, Ujerumani, tarehe 27 Novemba 2006. Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wakati ule, anacheza gemu ya pili dhidi ya kompyuta, Deep Fritz. Anashika nyeusi. Mfalme wake yuko h8, malkia mweupe yuko e4, na farasi mweupe ametoka kula ngome pale f8. Hali ni ya sare. Angemsogeza mfalme g8, yangekwisha salama. Yeye anapeleka malkia e3 kutaka kubadilishana, anainuka mezani kama mtu aliyemaliza kazi. Kompyuta inaweka malkia h7. Mati. Mati ya hatua moja, kwa bingwa wa dunia, bila shida ya saa!

Askari Huru
Subiri, h7 ilikuwa hailindwi na mtu?

Bibi Sare
Mraba wenyewe ulikuwa mtupu, askari alishasogea h6. Mfalme angemla malkia, ila h7 inalindwa na farasi wa f8. Farasi anayelinda kwa NYUMA, toka mstari wa 8 kushuka wa 7. Jicho limezoea malkia wa h7 kusaidiwa na farasi wa g5 au askofu wa d3. Farasi wa f8 ni umbo linaloonekana mara chache sana, na ubongo haukuliita.

Mama Askofu
Mwili umenisisimka.

Chesi Damu
Mechi iliishaje?

Bibi Sare
Gemu 6, kompyuta 4, Kramnik 2. Sare nne, kafungwa mbili, hiyo ikiwa moja.

Mpenda Mitego
Basi sisi tusilaumiwe tena kwa lolote.

Ngome Wazi
La hasha, somo ni kinyume chake. Nguvu ya maumbo ndiyo iliyomponza. Alitazama kwa mazoea, akaruka swali la cheki. Cheki ziangaliwe zote, hata zile zinazoonekana za kipuuzi, kwa sababu cheki ya kipuuzi moja kati ya nyingi ndiyo inayokuzika.

Kidole Kizito
Mimi naongelea vyombo, maana pointi nyingi zinamwagika hapo. Kwenye simu usiburute kete. Gusa kete, kisha gusa mraba. Kuburuta ndiko kunamwangusha malkia mraba mmoja kabla. Kwa gemu ndefu washa uthibitisho wa hatua. Kwa gemu za dakika 3 uzime, utakumaliza. Zima vile vidoti vinavyoonyesha kete inaweza kwenda wapi, vinalemaza macho.

Kupanga hatua kabla mpinzani hajacheza kunaokoa muda: Lichess haikukati kitu, Chess.com, tovuti nyingine, inakukata sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Lakini panga tu hatua ambayo ni salama kwa majibu YOTE ya mpinzani. Mfalme anayetoroka cheki, sawa. Ulaji wa kurudisha, sawa. Kumpangia malkia aliye karibu na mfalme mtupu ni kuomba ile sare ya Mlinzi.

Na askari akifika mwisho huku una ngome na muda umebana, chukua ngome ya pili badala ya malkia. Ngome mbili zinamsukuma mfalme mstari kwa mstari kama ngazi, na nafasi ya kumnyima hatua kwa bahati mbaya ni ndogo mno.

Chesi Damu
Muda ukikuishia na mwenzako amebaki na mfalme na farasi tu, si sare hiyo?

Kidole Kizito
Inategemea unachezea wapi. Chess.com inahesabu sare. Lichess inafuata mkondo wa FIDE, shirikisho la sataranji duniani: kama kuna njia yoyote halali ya wewe kupigwa mati, hata ya kijinga, umeshindwa. Ukiwa bado na askari, njia hiyo ipo. Mfalme mtupu peke yake ni sare kote.

Chesi Damu
Huo ni wizi.

Fundi wa Mwisho
Si wizi, ni saa. Uliambiwa mapema una dakika ngapi.

Mtazama Injini
Naongeza la uchambuzi. Watu wanamaliza gemu, wanawasha injini (programu inayochambua gemu), wanaona mshale wa kijani, wanasema "aah", wanafunga. Hawajajifunza kitu. Pitia kwanza mwenyewe bila injini, dakika 10, andika hatua tatu ulizokuwa na mashaka nazo. Kisha washa injini, mfano Stockfish, kwenye hizo tatu tu. Kila kosa lipe jina: sikuona, niliona nikahesabu vibaya, au saa ilinibana. Baada ya gemu 20 hesabu. Kama "sikuona" ndiyo nyingi, fumbua mafumbo mepesi dakika 15 kila siku bila kukimbizana na saa, na usiguse kete mpaka umeona mwisho wa mstari. Kama ni saa, ongeza nyongeza, usiongeze mafumbo.

Mpenda Mitego
Au lala. Ukifungwa mara mbili mfululizo zima simu ulale.

Bibi Sare
Tatu.

Mama Askofu
Mbili. Ya tatu ni ya kulipiza kisasi, na ya kisasi haijawahi kuwa na hesabu.

Askari Huru
Nimepanga ile ya mwanzo ubaoni. Malkia d7, mfalme mweusi kaenda g8. Nikimleta mfalme wangu f6 yeye akarudi h8, malkia g7 ni mati kweli. Ila nikikosea nikamrudisha malkia f7, je?

Mlinzi wa h7
Mfalme akiwa h8, sare tena. Achana na hiyo f7, mkuu.