Naomba ushauri: nianzie wapi kujifunza kanzidata? Niko Tandahimba

karani_wa_kusini: Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni karani kwenye chama cha msingi cha korosho huku Tandahimba. Daftari nimelihamishia kwenye Excel, na minada ikianza faili linakuwa pori. Kila mzigo ukiingia naandika upya jina la mkulima, kijiji, simu na akaunti ya benki. Akibadilisha laini, inabidi nisake mistari yake yote. Kuna kijana kaniambia niachane na Excel nisome SQL, lugha ya kuagiza kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa kwenye kompyuta. Sawa, ila nianze na nadharia au nipakue programu? Laptop ni ya kawaida na bando ndio hivyo tena.

fundi_Mikindani: Mkuu, hapo kwenye kusaka mistari ndipo somo lote lilipo. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza taarifa zikae kwenye majedwali yanayounganishwa kwa thamani zilizomo, mtumiaji asihangaike zimehifadhiwaje ndani ya mashine. Leo usipakue kitu. Chukua karatasi uchore majedwali matatu: wakulima, mizigo, minada. Simu inaandikwa mara moja tu, kwenye wakulima. Mzigo unabeba namba ya mkulima, namba ya mnada, tarehe, daraja na kilo. Bei iweke kwenye minada.

Binti Newala: Fundi, wewe korosho unazionea sokoni tu 😂 Mnada mmoja una bei ya juu na ya chini. Ukiweka safu moja ya bei kwenye minada, kuna mkulima atalipwa bei isiyo yake. Liwepo jedwali la mauzo: mnada gani, loti gani (fungu linalouzwa pamoja), bei gani. Mzigo uelekezwe kwenye mauzo.

fundi_Mikindani: Nimekubali, dada. Majedwali manne basi.

Babu_wa_Data: Vijana mmeruka ufunguo mkuu, yaani safu inayomtofautisha kila mkulima na wengine. Jina halifai, maana huko mtapata wawili wanaofanana mpaka jina la babu. Simu nayo haifai, mwenyewe kasema watu wanabadilisha laini. Mpe kila mkulima namba ya chama, isiyobadilika na isiyogawiwa tena hata akihama. Halafu simu ihifadhi kama maandishi, la sivyo sifuri ya mbele inapotea. Shilingi ziwe namba kamili, usitumie desimali za kukadiria.

Programu chukua SQLite. Ni ndogo, bando halitalia, na kanzidata yako nzima inakaa kwenye faili moja. Hata simu yako ya Android inaitumia ndani kwa ndani. PostgreSQL, programu kubwa zaidi ya kanzidata, itakuja baadaye, mkiwa makarani kadhaa mnaoandika kwa wakati mmoja. Kuna mtego mmoja: SQLite kwa kawaida haikagui funguo za nje (safu zinazoelekeza jedwali jingine, kama namba ya mkulima kwenye mizigo) mpaka uiamuru kila unapoifungua:

PRAGMA foreign_keys = ON;

Bila hiyo itapokea mzigo wa mkulima asiyekuwepo, wala haitakohoa.

karani_wa_kusini: Shikamoo babu. Hiyo nimeiandika pembeni. Jumla ya kilo za kila mkulima naipataje?

Babu_wa_Data: Marahaba. Hivi (w ni wakulima, m ni mizigo):

SELECT w.namba, w.jina, SUM(m.kilo)
FROM wakulima w JOIN mizigo m ON m.namba_mkulima = w.namba
GROUP BY w.namba, w.jina;

Andika kwa mkono wako, usinakili. Kisha tafuta mkulima ambaye hajaleta mzigo: hutamwona kwenye orodha. Badilisha JOIN iwe LEFT JOIN uone anavyorudi. Ukielewa kwa nini, umeshavuka kigingi kinachowashinda wengi.

Binti Newala: Ongeza miamala, yaani amri kadhaa zinazokamilika zote pamoja au isikamilike hata moja. Malipo ya mnada mmoja yafunge kati ya BEGIN na COMMIT. Umeme ukikatika katikati (na huku mnaujua), kanzidata inarudi ilivyokuwa, hakuna nusu ya wakulima waliolipwa na nusu bado.

karani_wa_kusini: Nimechora manne. Swali la mwisho: makato. Usafirishaji, ushuru, ghala. Niongeze safu tatu kwenye mizigo?

Binti Newala: Hapana. Mwakani likizuka kato la nne utaanza kubomoa jedwali. Yale yanayokatwa kwa kilo yawe na jedwali la viwango: msimu, aina ya kato, kiasi kwa kilo. Kiwango unakiandika mara moja kwa msimu, kuzidisha waachie SQL. Yanayokatwa kwa asilimia ya bei yatenge, usiyachanganye kwenye safu hiyohiyo.

fundi_Mikindani: Na mchoro upige picha uuweke hapa kabla hujaingiza mkulima hata mmoja.