Kirusi cha Marek kikilala ndani ya seli za kuku, maabara wanakionaje?

MwanaPongwe (Tanga)

Habari zenu wanajukwaa. Nasoma stashahada ya afya ya wanyama hapa Tanga, na nyumbani Pongwe mama anafuga kuku wa mayai. Kundi la sasa linakaribia miezi minne. Vifaranga walikuja kwa basi kutoka Dar, na karatasi yao inasema walichanjwa dhidi ya Marek, ugonjwa wa kuku unaoleta kupooza na uvimbe, siku waliyototolewa. Sasa kuna kuku wanalala chini, mguu mmoja umenyooka mbele, mwingine nyuma. Ukiwasogezea chakula wanakula.

Nilimpasua mmoja. Neva ya paja la kushoto ilikuwa nene, kijivu cha kuelekea njano, na vile vimistari vyake vya kukatiza vimepotea. Ya kulia nyembamba, nyeupe, inang'aa. Mwalimu alipoona picha akasema ni Marek, akaongeza kwamba kirusi hulala ndani ya seli na kuku hubaki nacho maisha yake yote.

Hapo ndipo nimekwama. Kinalala kwenye seli zipi? Na kama kimetulia hakizaliani, mtu wa maabara anajuaje kwamba kipo? Mama yeye anauliza kwa nini chanjo haikukitoa.

Mzee wa Zinga (Bagamoyo)

Pole mwanangu, na mama mpe pole. Wengi hapa watakwambia ni upungufu wa vitamini B2. Huo huwapata zaidi vifaranga wadogo, na utaona vidole vimejikunja kwa ndani. Kuku wa miezi minne mwenye neva moja imevimba na ya pili nzima, mimi niko na mwalimu wako. Hayo ya seli tumwachie Bi Maabara.

Bi Maabara (Tanga)

Shikamoo Mzee wangu. MwanaPongwe, mdogo wangu, nimefanya kazi miaka mingi na seli za kuku, na swali lako ndilo lililonifanya niipende kazi hiyo.

József Marek aliueleza ugonjwa huu Budapest mwaka 1907, akiwa na majogoo wanne waliopooza. Kirusi chenyewe kilikuja kujulikana Uingereza mwaka 1967, kupitia watafiti Churchill na Biggs. Ni ukoo wa herpesi, jamaa wa kile cha tetekuwanga, ila binadamu hakimpati. Cha tetekuwanga hulala kwenye neva zetu. Cha kuku hulala kwenye chembe nyeupe za damu, hasa limfosaiti T. Kuku anavuta vumbi, kirusi kinapita mapafuni hadi kwenye bandama, kinaanza kuua limfosaiti B, aina nyingine ya chembe hizo. Limfosaiti T zinakuja kupambana nacho, nazo zinaingiwa. Kati ya siku ya 7 na ya 10 hivi kinatulia humo. Ile neva uliyoiona imenenepa kwa sababu chembe hizo zimeivamia na kujazana ndani yake.

Kwa hiyo seli unayoichagua ndiyo inayoamua utaona nini. Ukikiweka kwenye seli za kiinitete cha kuku zinazojitandaza chini ya chupa, hakilali. Kinazaliana, na baada ya siku kadhaa unaona kwa hadubini viraka vya seli zilizoviringika. Kujifunza kulala kwake unahitaji limfosaiti T zenyewe. Kuna seli maarufu zinaitwa MSB-1, zilizotolewa kwenye uvimbe wa bandama ya kuku huko Japani, miaka ya 1970. Tunazikuza kwenye nyuzi 41, joto la mwili wa kuku. Zinaelea, hazishiki chupa. Zikishiba, maji mekundu ya kuzikuzia yanageuka njano.

Kujua kipo: kwanza unatafuta DNA yake, na unaikuta. Halafu unatafuta protini ambazo kirusi kinachozaliana hutengeneza, na karibu zote hazipo, isipokuwa chache kama Meq, ambayo ndiyo inayoisukuma seli kuwa saratani. Lakini ushahidi ninaouamini mimi ni kukiamsha. Unachukua limfosaiti za kuku anayeonekana mzima kabisa, unazimwaga juu ya seli za figo za kifaranga, unasubiri. Viraka vikitokea, kilikuwepo. MSB-1 unaweza kuziamsha kwa kemikali iitwayo sodiamu butireti.

Na kinapolala hakielei ovyo ndani ya kiini. Ncha za DNA yake zina herufi TTAGGG zinazojirudia, zilezile zilizoko kwenye ncha za kromosomu za kuku, na hapo ndipo kinapojichomeka. Mwaka 2011 mtafiti Benedikt Kaufer na wenzake walionyesha kwamba ukiziondoa herufi hizo, kirusi hakijichomeki vizuri, uvimbe unapungua na kuamka kunakuwa shida. Ukiweka alama inayong'aa kwenye DNA ya kirusi, unaona vidoa kwenye ncha za kromosomu. Kikiamka, alama zinatawanyika. Mimi sijaona kitu kizuri zaidi kwenye hadubini.

Mama mwambie hivi: chanjo hiyo, nyingi zikitokana na kirusi cha bata mzinga, inazuia uvimbe na kupooza. Haizuii kirusi kuingia wala haiking'oi kilichokwisha kujichomeka. Tena inahitaji kama wiki moja kujenga kinga. Vifaranga wakivuta vumbi la manyoya ya kuku wakubwa kabla ya hapo, kirusi kimewahi.

MwanaPongwe

Ahsante sana dada. Banda la vifaranga limepakana na la kuku wakubwa, ukuta ni wavu tu. Nikipeleka damu ikapimwa DNA, nitapata jibu?

Bi Maabara

Utapata jibu lisilokusaidia, kwa sababu hata kuku mzima mwenye kirusi kilicholala anaweza kuonekana anacho. Waambie wapime kiasi, na watenganishe kirusi cha chanjo na cha ugonjwa. Ng'oa manyoya machanga yenye utomvu kwenye shina, ya kuku wagonjwa na wazima, na mkimchinja aliyepooza chukua kipande cha bandama na neva ya kila upande. Neva weka kwenye fomalini, bandama na manyoya kwenye barafu bila fomalini. Na huo wavu, kabla ya kundi lijalo, vifaranga wahamie mbali, upande upepo unakotoka. Vumbi hilo hubaki na kirusi hai kwa miezi, kwa hiyo maranda ya zamani yatoke yote.