Boksi la mboga juu ya jabali, Mwanza: mbao gani, kina gani?

Mabatini_Juu: Wakuu, uwanja wangu nusu ni jabali tupu, nusu ni luseni (udongo wa kichanga) isiyofika kina cha jembe. Nataka boksi la mbao la mchicha, chainizi na nyanya chache. Liwe na kina gani? Chini nitandike nailoni? Kwa mchwa nipake oili chafu?

Fundi_Banzi: Chukua mbao nne za inchi 1 kwa 8, urefu futi 12. Kila moja ikate futi 8 na futi 4. Mbao mbili zinafunga mzunguko mzima bila kubakiza kipande. Mizunguko miwili ukiibebanisha inakupa kina cha inchi 16, zinatosha hata nyanya. Upana usizidi futi 4, la sivyo utakuwa unakanyaga ndani ili ufike katikati, na udongo ukishindiliwa maji hayapiti.

Kona weka 2 kwa 2, misumari inchi 2 na nusu. Katikati ya pande ndefu pigilia vipande vingine vya 2 kwa 2, uvivute kwa waya wa kufungia nondo kutoka upande hadi upande. Hapa ndipo wengi wanabana matumizi, halafu masika ikilowesha udongo mbao zinaota kitambi.

Nailoni iambae kuta za ndani tu. Ukitandika chini, maji yanatuama na mizizi inaoza. Kabla hujapiga msumari, mwaga ndoo ya maji juu ya jabali uangalie yanakosimama. Kishimo hicho kizibe kwa zege. Ubao wa chini upande wa mteremko toboa matundu ya nusu inchi, futi moja moja, uyazibe kwa ndani na kipande cha kiroba ili udongo usitoroke.

Oili chafu hapana, humo unapanda chakula. Mchwa hawatoboi jabali, wanapanda pembeni kwa vichuguu vyembamba vya udongo. Usiegemeze kitu kwenye boksi, na ukiona kichuguu kikwangue.

Shamba_Nyegezi: Niongezee upande wa udongo. Ukijaza hadi inchi 14 unahitaji kama ndoo 53 za lita 20: udongo 27, samadi iliyooza 16, makapi ya mpunga 10. Mchanga usiongeze, luseni yenyewe ni mchanga. Katika hizo 27, ndoo 7 ziwe udongo mweusi wa mbuga, ndio unaoshika maji na mbolea. Uponde ukiwa mkavu. Ukiwa mbichi unajiviringa madonge na hauchanganyiki tena.

Samadi ukiichimbua bado ina joto au inanuka, iache, itaunguza miche. Maranda mabichi nayo usiweke: vijidudu vinavyoyaozesha vinanyang'anya mimea naitrojeni, mchicha unageuka njano ukadhani umekosa maji.

Mabatini_Juu: Asanteni sana. Magugu maji ya ziwani je, naweza kuyatumia badala ya samadi?

Shamba_Nyegezi: Si badala, ni nyongeza. Karibu yote ni maji, rundo kubwa linakuachia kiganja. Yakatekate, yaanike juu ya hilo jabali hadi yakauke kabisa, ndipo uyachanganye na samadi kwenye mboji. Yenye maua au mbegu yaache. Na usiyatoe karibu na mdomo wa Mto Mirongo, maana yanafyonza metali zinazoshuka na maji machafu ya mjini.

Fundi_Banzi: Kiangazi mwagilia asubuhi mapema na jioni. Jabali linashika joto hadi usiku na chini hakuna unyevu wa akiba, kwa hiyo tandaza nyasi kavu inchi 2, ila usizigusishe na shina la nyanya.