Bingwa akimgonga mwenzake makusudi, bado tumuite mkubwa?

reli_mwisho (Kigoma, Mwanga):
Wakuu habari za jioni. Huku kijiweni kwetu mabishano ya madereva wa langalanga (mbio za magari za Formula 1) hayaishi, hawa wanasema mkubwa wa wote ni Schumacher, wale Hamilton, na kila mmoja ana ubingwa mara 7 kwahiyo kwa makombe hakuna wa kumcheka mwenzake. Mi shida yangu iko kwingine. Ubingwa wa kwanza wa Schumacher, 1994 pale Adelaide, Australia, mbio ya mwisho anaongoza kwa pointi 1 tu mbele ya Damon Hill, akateleza akagusa ukuta, akarudi barabarani gari limeshaumia, Hill akaona upenyo akaingia ndani ya kona, jamaa akamfungia wakagongana. Wote wawili nje, ile pointi 1 ikabaki vilevile na kombe akabeba yeye. Sasa nauliza, kombe kama hilo unalihesabu sawa na mengine? Ukipima ukubwa wa dereva unaangalia makombe tu au na roho yake?

fundi_isevya (Tabora):
Mkuu mi nashinda chini ya magari hapa Isevya na naangalia hizi mbio miaka mingi, nakwambia hesabu matokeo. Roho utaipimia wapi? Waamuzi walikuwepo Adelaide, hawakumpa adhabu, basi ni bingwa, imeisha. Alafu mbona Senna hamumgusi? 1990 Suzuka, Japani, alimuingia Prost, mpinzani wake wa ubingwa, kona ya kwanza tu, wote wakaishia kwenye changarawe, kombe likawa lake, na mwaka uliofuata akakiri mwenyewe kwamba alikusudia. Leo huyohuyo ndo mnamuita mfalme. Mi mkubwa wangu ni Fangio, ameanza mbio 51 ameshinda 24, yani karibu nusu, na makombe 5. Siku hizi msimu una mbio hadi 24, ukilinganisha idadi ya ushindi tu unawaonea wa zamani.

dada_ujiji:
Kaka fundi waamuzi nao ni watu. 1997 Jerez, Hispania, mbio ya mwisho, Schumacher alirudia yaleyale, tena anaongoza kwa pointi 1 vilevile, mpinzani wake Villeneuve akaingia ndani na huyu akamkatia usukani ubavuni. Safari hii aliyekwama kwenye changarawe ni yeye, Villeneuve akaendelea na gari lake bovu akamaliza wa tatu akachukua ubingwa, na Schumacher akafutwa kwenye msimamo wa mwaka mzima. Kwahiyo usiniambie roho haipimiki, ilipimwa pale.

Kuhusu Senna simtetei kwa Suzuka, ile gari ingeweza kuua mtu. Ila 1992 Spa, Ubelgiji, kwenye mazoezi dereva Erik Comas alipata ajali mbaya akazimia ndani ya gari, mguu bado umekandamiza mafuta, injini inalia, na magari mengine yanakuja kwa kasi. Senna alisimama, akashuka, akakimbia katikati ya barabara mpaka kwenye lile gari, akazima injini ili lisilipuke, akamshikilia kichwa mpaka madaktari wakafika. Ni mtu yuleyule wa Suzuka. Ndo maana mi siwezi kumpima dereva kwa siku moja, iwe mbaya au nzuri.

Na kama mnataka roho hasa msomeni Stirling Moss. 1958 Ureno, Mike Hawthorn alitaka kunyang'anywa nafasi ya pili eti aliendesha kinyume baada ya gari kuzunguka. Moss ndo alikua anagombea nae ubingwa, na akaenda mwenyewe kwa waamuzi kumtetea, kwamba jamaa alikua nje ya barabara ya mbio. Hawthorn akarudishiwa pointi zake. Mwisho wa mwaka Hawthorn bingwa kwa pointi 1, kashinda mbio 1 tu, Moss kashinda 4, na mpaka anastaafu hakuwahi kuwa bingwa.

mzee_wa_stesheni (Tabora):
Vijana mnajadili vizuri. Sisi tulizoea Safari Rally, ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na hii Tanganyika yetu, na tulikua na vigogo wetu, Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976, Shekhar Mehta mzaliwa wa Uganda mara 5, nne mfululizo 1979 mpaka 1982. Kule mnaachiwa kwa zamu, unapigana na saa, matope na vumbi, huyo wa kumgonga ubavuni hayupo. Langalanga kishawishi kiko pale kila kona.

Mwanangu fundi, huyo Fangio wako kombe moja alisaidiwa. 1956 Monza, Italia, gari lake liliharibika usukani, Peter Collins, mwenzake kwenye timu ya Ferrari, kijana wa miaka 24, nae alikua na nafasi ya ubingwa siku ile, akashuka katikati ya mbio akampa gari lake. Fangio akamaliza wa pili akawa bingwa. Collins alifariki miaka miwili baadae Nürburgring, kombe hakupata.

fundi_isevya:
Shikamoo mzee. Hilo la Collins ni kubwa na sheria za wakati ule ziliruhusu, Fangio hakuiba kitu. Ila na nyie mtendeeni haki Schumacher. Ferrari ilikua haijatoa bingwa tangu 1979, akaenda timu ikiwa hoi, akakaa nayo, akachukua 2000 mpaka 2004 mfululizo. Hayo makombe 5 hakumgonga mtu kuyapata, 2000 alimshinda mpinzani wake Häkkinen kihalali kabisa Suzuka. Mkiyafuta hayo kwa sababu ya Adelaide na Jerez mnakosea.

reli_mwisho:
Hapo fundi umenikamata kidogo. Mi nitayahesabu yote 5 ya Ferrari na 1995 pia, ile ya 1994 ndo siiwezi.

dada_ujiji:
Sawa, muwekeni Schumacher juu kwa uendeshaji, sibishi. Ila mkinipa gari langu mwenyewe niwe nalo sambamba na dereva mwingine kwenye kona ya mwisho ya msimu, namchagua Moss.