Matoleo mapya ya albamu za zamani za roki na pop: yapi yanastahili pesa?

Darajani33

Salaam wadau, naomba mwongozo. Nataka kuanza kukusanya santuri za roki na pop za miaka ya 60 hadi 80, matoleo mapya, si ya mtumba. Nakala za kwanza zilizo safi bei yake haishikiki, na siwezi kuzikagua kabla ya kulipa. Nitaagiza kutoka Uingereza kifurushi kimoja cha santuri nane hadi kumi ili nauli igawanyike. Niko Unguja.

Vyombo: pleya ya santuri inayozungushwa kwa mkanda, yenye kichwa cha sindano cha Audio-Technica VM95E, amplifaya ya kawaida yenye tundu la pleya, spika mbili za rafuni. Pleya ya CD pia ipo.

Kinachonichanganya ni kwamba albamu moja ina matoleo matano. Moja rimasta, moja rimiksi, moja imechongwa kwa nusu mwendo, moja gramu 180, na moja boksi la maadhimisho kwa bei mara nne. Lipi kati ya haya lina maana masikioni, na lipi ni stika tu? Na kuna albamu ambazo toleo jipya ni la kuepuka kabisa? Queen lazima iwemo, Freddie Mercury ni mtoto wa Mji Mkongwe, hatumwachi nje.

FundiSindano

Karibu. Tuanze na stika, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Gramu 180 ni uzito tu. Mfereji wa sauti hauongezeki kina kwa sababu plastiki ni nene. Santuri ya gramu 130 iliyochongwa na mtu anayejua kazi itaishinda ya gramu 180 iliyochongwa ovyo.

Rimasta maana yake miksi ni ile ile ya zamani, ila imesawazishwa upya besi, sauti za juu na ukubwa wa sauti. Rimiksi ni habari nyingine: wamerudi kwenye kanda za vipande, ngoma kivyake, gitaa kivyake, sauti za waimbaji kivyake, wakavipanga upya. Hiyo ni albamu ambayo mnunuzi wa 1973 hakuwahi kuisikia. Inaweza kuwa nzuri, lakini ujue ndicho unachonunua.

Nusu mwendo: chanzo kinachezwa kwa nusu ya kasi, na mashine ya kuchonga nayo inazunguka kwa nusu ya kasi, hivyo kichwa cha kuchongea kinapata muda mara mbili wa kufuata sauti za juu. Matoazi na herufi "s" hutoka safi zaidi. Chanzo kikiwa kibovu, utapata ubovu uliochongwa kwa uangalifu.

Kwa hiyo uliza mambo mawili tu: chanzo ni kanda ipi, na nani kachonga. La pili limeandikwa kwenye santuri yenyewe, kwenye ule ukanda laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. KPG@CA ni Kevin Gray. BG ni Bernie Grundman. RKS ni Ryan K. Smith. Mwambie muuzaji akupigie picha ya ukanda huo kwa taa ya pembeni. Asipotaka, nenda kwa mwingine.

Sasa albamu zenyewe.

Rumours ya Fleetwood Mac (1977): tafuta toleo la santuri mbili la mizunguko 45 kwa dakika, lililochongwa na Kevin Gray na Steve Hoffman, la 2011. Utageuza upande kila baada ya nyimbo tatu hivi, lakini mizunguko 45 inatandaza wimbo kwenye mfereji mrefu zaidi, na sindano yako ya VM95E, ambayo ncha yake ni ya duaradufu ya kawaida, haitahangaika sana karibu na lebo. Ukitaka na "Silver Springs", wimbo ulioachwa nje mwaka 1977 kwa kukosa nafasi, uko kwenye CD ya 2004.

Queen: santuri za 2015 zilitokana na rimasta ya Bob Ludwig ya 2011 na zikachongwa kwa nusu mwendo na Miles Showell pale studio ya Abbey Road. Chanzo ni cha dijitali, na sioni tatizo. A Night at the Opera na Sheer Heart Attack zinatosha kuanzia. Ile albamu yao ya kwanza ya 1973 ni kesi ya pekee. Walirekodi studio ya Trident katika saa ambazo studio haikuwa na wateja, na sauti ya ngoma haikuwaridhisha tangu mwanzo. Mwaka 2024 ilifanyiwa rimiksi, ikaitwa Queen I, na "Mad the Swine", uliokuwa umetupwa, ukarudishwa mahali pake. Hapo rimiksi ina sababu. Mimi ningenunua hiyo.

The Dark Side of the Moon (1973): santuri ya 2016, kazi ya James Guthrie, Joel Plante na Bernie Grundman. Boksi kubwa waachie wenye spika tano. Ukitaka kusikia sauti zikizunguka chumba inabidi uwe na vyombo vyake; kwa spika mbili utakuwa umelipia vitabu vya picha.

Kisauni_Hifi

Naungana na Fundi karibu kote. Niongeze upande wa mono, yaani sauti ile ile moja kwenye spika zote mbili, kwa sababu watu wengi huuruka.

Kwa Beatles, usichukue tu santuri yoyote iliyoandikwa rimasta. Za stereo za 2012 zilichongwa kutoka faili za dijitali za 2009. Za mono za 2014 zilichongwa moja kwa moja kutoka kwenye kanda, bila dijitali katikati, na Sean Magee na Steve Berkowitz. Hadi Sgt. Pepper's (1967), mono ndiyo miksi ambayo bendi na mtayarishaji wao George Martin waliipa muda. Stereo ilimalizwa haraka baadaye. Tofauti si ya kinadharia: "She's Leaving Home" kwenye mono inakwenda kasi zaidi na kwa ufunguo wa juu zaidi. Kwenye White Album, "Helter Skelter" ya mono ni fupi na haina ule ukelele wa mwisho wa mpiga ngoma Ringo kuhusu malengelenge ya vidole. Abbey Road (1969) ilitoka stereo pekee, kwa hiyo huko usisumbuke kutafuta mono.

Rimiksi za Giles Martin, mwanawe George, kuanzia Sgt. Pepper's ya 2017, ni nzuri kwa spika za kisasa: ngoma na besi zimekaa katikati badala ya kusukumwa upande mmoja. Ukiwa na nafasi ya moja tu, chukua mono. Ukizikuta mono zimepanda bei kupita kiasi, rimiksi ya 2017 si adhabu.

Pet Sounds ya Beach Boys (1966) ndiyo usiyoweza kuikwepa. Brian Wilson hakuwa akisikia vizuri kwa sikio la kulia, alitengeneza kwa mono. Stereo ilikuja miaka ya 1990, ikaundwa na Mark Linett kutoka kanda za vipande. Stereo inakuonyesha vyombo, mono inakupa wimbo.

Kwa sindano ya stereo unacheza mono bila shida. Kama amplifaya ina swichi ya mono, ibonyeze: mikwaruzo mingi iliyo upande mmoja wa mfereji hupungua hapo hapo.

Mdau_wa_Kanda

Mimi sikubaliani na hii ibada ya santuri. Kuna albamu ambazo santuri ndiyo nakala pungufu.

Brothers in Arms ya Dire Straits (1985) ilirekodiwa kwa mashine ya dijitali. Santuri ya wakati ule ilikuwa moja, na nyimbo hazikuenea, kwa hiyo zikafupishwa: "Why Worry" ilipoteza takriban dakika 3, "Money for Nothing" zaidi ya 1. CD ndiyo ilikuwa kamili. Leo kuna matoleo ya santuri mbili yenye nyimbo nzima, lakini CD ya kwanza, ile ya bei ya maandazi sokoni, ina kila kitu na haijabanwa sauti. Una pleya ya CD. Tumia akili.

Ama kuhusu za kuepuka, hizi hapa:

Tres Hombres ya ZZ Top (1973): CD za kuanzia 1987 zilifanyiwa rimiksi, ngoma zikawekewa mwangwi wa miaka ya 80. Ni kama kuipiga rangi ya mafuta nyumba ya matumbawe. Miksi ya asili ilirudi kwenye CD ya 2006. Angalia mwaka.

Raw Power ya Stooges (1973): rimiksi ya 1997 aliisimamia Iggy Pop mwenyewe, na imesukumwa hadi inakatika sauti. Wapo wanaoipenda kwa ukali huo. Miksi ya David Bowie, ile iliyotoka 1973, ilirudishwa 2010.

Na moja ya kutafuta: Skylarking ya XTC (1986). Ilipochanganywa, mawimbi yaligeuzwa, pale spika inapotakiwa kusukuma mbele ikavuta nyuma, na besi ikakonda. Injinia John Dent aliligundua hilo, na toleo la 2010 limerekebishwa. Hii ndiyo maana halisi ya toleo jipya: kuna kitu kilikuwa kibovu, kimetengenezwa.

Halafu msidanganywe na "analogi tupu", yaani bila dijitali hata hatua moja. Mwaka 2022 ilibainika kwamba santuri nyingi za kampuni ya Mobile Fidelity, zilizouzwa kwa sifa ya kutoka kanda ya asili, zilipitia kwanza kwenye faili ya dijitali iitwayo DSD. Watu walishtuka pale Thriller ya Michael Jackson ilipotangazwa nakala 40,000 kwa njia yao ya kuruka hatua za kiwandani, njia ambayo kila sahani iliyochongwa inafyatua nakala chache tu. Kanda ya asili ingelazimika kuchezwa mara nyingi mno. Hakuna studio ingeruhusu. Kwa miaka yote hiyo wasikilizaji wenye masikio ya dhahabu walikuwa wakizisifu santuri hizo hizo kwa "joto la analogi". Basi.

FundiSindano

Mdau kachokoza, lakini hesabu yake ya Thriller iko sawa. Nami nimesema juu, Queen za 2015 ni dijitali na ni nzuri.

Nilisahau Catch a Fire ya Wailers, bendi ya Bob Marley (1973). Toleo la CD mbili la 2001 lina albamu kama tunavyoijua na pia miksi ya Jamaika, kabla Chris Blackwell, mwenye lebo ya Island, hajaongeza gitaa la Wayne Perkins na kinanda cha Rabbit Bundrick kule London. Zimo na nyimbo mbili zilizoachwa, "High Tide or Low Tide" na "All Day All Night". Kwa msikilizaji wa huku, hiyo ina thamani kuliko boksi lolote la Uingereza.

Na Zambia hapo jirani: Africa ya Amanaz (1975) imetolewa tena na lebo ya Now-Again ikiwa na miksi zote mbili, kavu na yenye mwangwi. Roki ya Zambia nakala zake za kwanza huzipati, hapa toleo jipya halina mpinzani.

Darajani33

Nashukuruni sana wakuu. Nimepata orodha. Sasa swali la mwisho: zikifika, nakagua nini kabla muda wa kurudisha haujaisha? Na hali ya hewa yetu hii ya unyevu?

Kisauni_Hifi

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji atoe santuri nje ya jalada na kuisafirisha nyuma yake, ikiwa ndani ya mfuko wake. Ikibaki ndani, kila kifurushi kikidondoka ukingo wake hupasua mshono wa jalada.

Ikifika, iache chumbani ipoe kwanza, kisha iweke kwenye pleya na uitazame kwa usawa wa macho. Mkono wa sindano ukipanda na kushuka kidogo, sawa. Mkono ukiyumba kulia na kushoto kila mzunguko, tundu halipo katikati. Noti ndefu za piano zitayumba nazo, na hakuna dawa, rudisha. Ukisikia mchakacho kama wa karatasi inayochanwa, sehemu ile ile kila mara, hapo plastiki haikujaa kwenye kalibu ya kiwanda. Kuosha hakusaidii, rudisha. Milio ya hapa na pale isiyo na mahali maalumu ni vumbi na umeme tuli. Osha kwa maji yaliyokenekwa (distilled water) na matone mawili ya sabuni isiyo na manukato kwa lita, suuza kwa maji hayo hayo bila sabuni, kausha wima.

Weka uzito wa sindano gramu 2.0. VM95E inakubali 1.8 hadi 2.2, na ukipunguza ukidhani unailinda santuri, sindano itarukaruka na kuuchimba mfereji.

Unyevu wa pwani hauidhuru sana santuri bali karatasi. Toa ile nailoni ya dukani, maana inabana na kupinda jalada. Mfuko wa karatasi wa ndani badilisha uweke wa plastiki laini ya polithini, si ule mgumu wa PVC ambao joto huufanya ugande na kuacha ukungu juu ya santuri. Mfuko wa nje usiufunge mdomo. Rafu iwe sentimita kadhaa mbali na ukuta wa nje, santuri zisimame wima bila kubanana, na jua la mchana lisizifikie. Ukienda kuchukua mzigo bandarini, usiuache kwenye gari lililofungwa hata kwa muda wa kunywa chai.

Mdau_wa_Kanda

CD haipindi kwenye gari.