Waliofuga paka jike wakaugua kizazi, tupeane uzoefu

Binti Tabata: Leo jirani katupa paka jalalani kisa ananuka nyuma. Nimemkumbuka wangu, miezi 11. Alikuwa analilia dume usiku kucha, nyumba nzima ya wapangaji ikalalamika, nikampeleka duka la dawa za mifugo akachomwa sindano ya kuzuia mimba. Wiki chache baadaye akawa hatoki kwenye ndoo ya maji. Dagaa hagusi. Tumbo likajaa, nikajua mimba, nikamwandalia boksi la kuzalia kabisa! Siku ya nne anatapika, masikio ya baridi, na nyuma hakuna hata tone la usaha. Saa tano usiku, mvua, bajaji. Daktari akapiga ultrasaundi: kizazi kimejaa usaha, mlango umejifunga. Akapasuliwa usiku uleule, kizazi kikatolewa chote. Nililia pale benchi kama nimefiwa. Alipona.

Wa Mbagala: Pole dada. Wangu usaha ulitoka kama uji wa ulezi, anajilamba tu.

Mzee Tandika: Chemsha mwarobaini, mnyweshe. Wangu alipona.

Msaidizi wa daktari: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Baada ya joto, yaani zile siku za kulilia dume, homoni ya projesteroni hunenepesha kuta za kizazi na kushusha kinga yake, bakteria wa kinyesi, hasa E. koli, wanapanda juu. Mara nyingi ni wiki 2 hadi 8 baadaye. Ile sindano nayo ni homoni ya jamii hiyohiyo. Antibayotiki peke yake mara nyingi haitoshi, ugonjwa unarudi.

Mzee Tandika: Marahaba. Nimesema alipona.

Wa Mbagala: Mimi nilimpa Panadol, akafa.

Msaidizi wa daktari: Pole sana. Panadol ni sumu kwa paka, hata kipande.

Baba Wawili: Laki na ushee kwa paka, wakati ada za watoto zinadaiwa?

Binti Tabata: Kaka, basi mfungishe kizazi mapema akiwa mzima, ni nafuu kuliko usiku ule wangu.

Mgeni Kigamboni: Samahani wakuu. Wangu ana miezi 8, alilia mwezi uliopita. Tangu juzi anakunywa maji sana, amejikunja chini ya kitanda. Usaha sijauona.

Binti Tabata: Tumbo?

Mgeni Kigamboni: Gumu.

Msaidizi wa daktari: Usingoje asubuhi. Usimlishe, anaweza kupasuliwa leo.

Mgeni Kigamboni: Nipo kivukoni, nimemfunga kwenye khanga.