Wauza spageti wa mjini, mtatulisha uji mpaka lini?

Wakuu, naomba niseme, maana nikinyamaza nitapasuka.

Migahawa yenye viyoyozi, kumbi za harusi, vibanda vya chipsi vilivyoongeza menyu, kote ni yale yale. Ukiinua uma, spageti zinakatika. Zimevimba, zimeshikana bonge, halafu rojo la nyama limemwagwa juu kuficha aibu. Juzi nimelipa elfu kumi na nane kwa sahani ya hivyo. Namuuliza mhudumu, ananijibu, "Kaka, zikiwa ngumu wateja wanalalamika."

Nani kaomba mbichi? Spageti iliyoiva inakinza meno kidogo, haibaki na unga katikati. Ing'ate uangalie: kile kidoa cheupe cha ndani kikikaribia kupotea, epua. Kuitoa kwenye maji si kwamba imeacha kuiva, joto lake lenyewe linaendelea nayo mpaka mezani.

Nimechungulia jikoni kwao, ndiyo nikachoka kabisa. Zinachemshwa asubuhi kwenye kisufuria ambacho maji hayazifuniki, na mafuta yanatiwa "zisishikane". Jamani, mafuta yanaelea! Dawa ya kushikana ni maji mengi, lita moja kwa kila gramu 100, chumvi vijiko viwili vya chai, na kukoroga dakika mbili za mwanzo wanga wa nje unapokuwa gundi. Kisha wanazisuuza bombani, wanaondoa wanga uleule ambao ungeshika sosi, wanazifunika kwenye ndoo. Saa nane mteja akija, zinarudishwa kwenye maji ya moto. Yaani zimepikwa mara mbili na bado hazina chumvi.

Mtasema pakiti imeandika dakika kumi. Sawa, kwa maji yanayochemka nyuzi 100. Mpishi wa Mbeya au Nairobi namsamehe, kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, lazima aongeze dakika. Wewe wa Dar, bahari unaiona dirishani, una kisingizio gani?

Kuna watakaosema tatizo ni pakiti za bei rahisi. Nusu nakubali. Italia sheria inataka tambi kavu zitengenezwe kwa ngano ngumu, ndiyo maana zinavumilia moto, na za ngano laini zinavurugika upesi. Sasa si ndiyo sababu ya kusimama jikoni na kuonja? Mnaziacha motoni mnaenda kuchati.

Na asije mtu na hoja ya tambi za futari. Zile zinakaangwa kwanza, zinapikwa kwa tui, sukari na iliki, zinatakiwa ziwe laini. Hazijawahi kunikosea mimi.

Kama biashara inawabana, chemsheni nusu, tandazeni kwenye sinia zipoe, mteja akiagiza mzimalizie ndani ya sosi kwa kikombe cha maji mliyozichemshia. Hata jikoni kwa Waitalia wenyewe wapo wanaofanya hivyo.

Wapishi mliomo humu, jibuni: ni meneja anawalazimisha au ni nyie wenyewe? Na anayejua sehemu Dar wanapochemsha baada ya oda aitaje. Dakika ishirini nitasubiri, hata bila soda.